Mwajiri Wangu ni Nani

Jumatatu, 4 Machi

Nina miaka sabini na saba, naingia ya nane. Nilizaliwa mwaka mmoja kabla ya uasi wa mwaka arobaini na saba dhidi ya Wafaransa. Mama alinikimbiza msituni nikiwa mgongoni, na wengi waliokimbia naye hawakurudi. Mimi nilirudi. Nimezika kaka watano na dada wawili. Nimeona Wafaransa wakiondoka. Nimeona marais wakiingia kwa vigelegele na kutoka kwa mabomu ya machozi. Vimbunga siwezi kuvihesabu. Tauni imepita hapa Antsahalava mara mbili, korona mara moja, zote zimeniruka. Meno ninayo kumi na tisa. Sauti yangu mpaka leo inavuka bonde la mpunga bila kipaza sauti.

Naandika haya ili nikumbuke kwamba mimi si mtu wa kuogopa karatasi.

Naogopa karatasi.

Daftari nimelinunua leo kwa Fanja wa fotokopi. Shule nilisoma miaka mitatu, kwa mchungaji, na herufi zangu ni kubwa kama nyayo za bata. Haidhuru, hakuna wa kuzisoma. Zamani mambo yangu yote nilimwambia Bodo jioni tukinywa maji ya ukoko wa wali. Bodo mke wangu yuko Ufaransa. Alikwenda Novemba mwaka jana kumlea mjukuu, binti yetu Hasina alipojifungua. Miezi miwili tu, tulisema, kisha wakaongeza mitatu. Januari hii alikuwa anakunja nguo za mtoto, akaanguka. Kiharusi. Upande wa kulia wote, na mdomo.

Daktari wa kule amesema ndege hapana. Mwaka mzima, labda zaidi. Hilo "labda zaidi" ndilo silipendi.

Basi kama yeye hawezi kuja, mimi naenda. Hasina kasema, Baba, omba viza ya kukaa muda mrefu, ya mwaka. Ametuma orodha kwenye simu, Fanja akanisomea. Barua ya mwajiri. Hati za mshahara za miezi mitatu. Karatasi ya benki. Hasina anaogesha wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, na mshahara wake unaishia kwa waliopo, hautoshi kunidhamini. Lazima nionyeshe kazi yangu mwenyewe na kipato changu mwenyewe.

Nimetembea na swali moja mpaka nyumbani. Mwajiri wangu ni nani?


Jumanne, 5 Machi

Kwa Fanja tena. Ana meza, kompyuta na mashine ya fotokopi pale kando ya soko. Mimi ndiye niliyesimama kumwombea mumewe posa, kwa hiyo Fanja ni kama bibi harusi wangu. Ananiheshimu. Kiasi.

Akauliza, "Babu, kazi?"

Nikasema, "Si unaijua."

"Mimi naijua. Kompyuta haiijui."

"Andika msemaji."

Hakuna anayeoa hapa kwetu bila msemaji. Hakuna anayezika, hakuna anayewatoa wafu wake kaburini kuwavisha sanda mpya, mpaka mtu asimame na kutoa kabary, hotuba ile ndefu inayofungua shughuli. Mtu huyo kwa miaka arobaini na tisa ni mimi. Wametoka watu vijiji vitano kuja kunisikiliza, wengine hawamjui hata bwana harusi.

"Mwajiri?"

"Mwenye shughuli."

"Yupi?"

"Wote."

Kulikuwa na mwanamume mmoja anasubiri kitambulisho chake kitolewe kopi. Akasema, "Babu, andika mwajiri wako ni marehemu. Nusu ya mishahara yako wamelipa wao." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Fanja akaendelea. "Wanakulipaje?"

"Bahasha. Na mnofu wa tako la ng'ombe, ile sehemu ya heshima."

"Kuna stakabadhi?"

"Ya tako?"

"Ya bahasha, Babu."

Hakuna. Bahasha haifunguliwi mbele ya aliyeitoa, hiyo ni aibu. Mimi siifungui hata nyumbani. Namkabidhi Bodo. Yeye ndiye anayejua ilikuwa na nini, na inakwenda wapi. Miaka yote hiyo mimi sijajua napata kiasi gani. Nilikuwa najisifia hilo. Leo mbele ya Fanja lilisikika kama upumbavu.

Tena wanataka miezi mitatu ya mwisho. Desemba, Januari, Februari! Mvua tupu. Nani anafungua kaburi la baba yake kwenye mvua? Kazi yangu ni Julai hadi Septemba, baridi ikiwa kali na ardhi kavu.

Yule mwanamume alinifuata njiani. Akasema kuna mtu mjini, nyuma ya stendi, atanitengenezea hati za mshahara. Mlinzi wa ghala la saruji, mihuri yote, siku moja tu. Nikamwambia mimi sijawahi kulinda ghala la mtu. Akasema, "Mzee, maringo hayapandi ndege."

Nilirudi kumuuliza Fanja. Akasema wanapiga simu kuhakikisha, na ukikamatwa na uongo wanakufungia mlango miaka mitano.

Miaka mitano mimi naitoa wapi.


Ijumaa, 8 Machi

Fanja alinishauri nikusanye barua. Kila mwenye shughuli aandike, Mzee Razafimahefa alisema kwetu tarehe fulani, tukamlipa kiasi fulani. Nikasema rahisi. Watapigana kuniandikia.

Nyumba ya kwanza, kwa baba yake bwana harusi wa Agosti. Walinipokea vizuri, kisamvu na nyama ya nguruwe, mchele mpya. Nilipotaja barua, yule mzee akafuta mdomo taratibu.

"Kuandika kwamba ulikuja, naandika hata sasa. Kiasi siandiki."

Nikauliza kwa nini.

"Wakwe zangu wakiiona? Watasema mke wa mwanangu tulimnunulia maneno. Kwamba baraka ilikuwa na bei. Wewe mwenyewe ulisimama pale ukasema hatukuja kununua. Ulisema vizuri sana, mke wangu alilia."

Ni kweli nilisema. Mke wake alilia, na mama mkwe pia.

Nyumba ya pili hivyo hivyo. Ya tatu ni ya mjane, mumewe tulimzika Oktoba. Yeye aliandika barua ndefu, mwandiko mzuri wa shule. Hakuna hata namba moja ndani yake. Anasema nilimsimamisha alipokuwa hawezi kusimama.

Fanja aliisoma, akasema, "Babu, hii ningetaka niandikiwe mimi nikifa. Lakini kwenye fomu kuna kisanduku cha kiasi."

Nina barua tisa. Kwenye kisanduku sina kitu.


Jumapili, 10 Machi

Hasina alipiga baada ya ibada. Nikamwambia mpe mama yako simu, nina swali la kazi. Nilitaka kumuuliza zile bahasha za mwaka jana. Bodo ana kichwa cha ajabu, anakumbuka bei ya kuku wa harusi yetu.

Nikasikia pumzi. Nikasema, Bodo, ni mimi. Bahasha ya Agosti, ya kule kwa wenye gari jekundu, ilikuwa na ngapi?

Akasema, "Mchele."

Nikauliza tena, polepole.

"Mchele."

Nikasema, Bodo, unanijua mimi nani?

"Mchele," akasema, na sauti ilikuwa yake kabisa, ile ya kunituliza nikikasirika.

Hasina akachukua simu. Alikuwa analia na kucheka pamoja. Anasema ni neno hilo moja limebaki. Anamwambia daktari mchele, anamwambia mtoto mchele. Daktari anasema mengine huenda yakarudi, akizungukwa na sauti anazozizoea. Hasina kazini mchana kutwa, mumewe anajua lugha ya kule tu. "Baba, anahitaji mtu wa kumsemesha."

Duniani kuna mtu mmoja ambaye kazi yake ni kusema. Nimekaa huku na barua tisa.

Nilimwambia Bodo mchele upo. Bonde lote limeshaanza kuwa njano. Nikasema mpaka salio likaisha.

Sikuweza kula leo.


Jumatano, 13 Machi

Nimekwenda kwa Ratsimba. Kuandika hivyo tu kumeniuma.

Ratsimba ni msemaji kama mimi. Si kama mimi, ila ni msemaji. Mimi nasimama upande wa bwana harusi, yeye upande wa bibi harusi, na tunapambana. Yeye ni mwenyekiti wa chama cha wasemaji wa wilaya. Chama kina muhuri, kina kadi zenye picha. Mara tatu alinialika nijiunge. Mara tatu nilimjibu mbele za watu kwamba sihitaji kadi kufungua mdomo wangu. Fanja ndiye aliyesema, Babu, chama chenye muhuri ndicho kitu cha karibu zaidi na mwajiri.

Alikuwa anaanika maharage. Hakunyanyuka.

"Kaka mkubwa," akasema. Mimi namzidi miaka sita, na hilo neno analitumia kama mwiba. "Umepotea njia?"

Nikasema nimekuja.

"Umekuja, nakuona. Nani kafa?"

Nikamweleza. Sikuzunguka, kwa mara ya kwanza maishani. Bodo, kiharusi, viza, karatasi. Aliacha maharage. Mkewe alitoka ndani akasimama mlangoni.

Ratsimba aliingia ndani, akarudi na madaftari matano yamefungwa kamba. Kila shughuli aliyosimama tangu mwaka themanini na tatu ameiandika. Tarehe, kijiji, familia, na aliyesimama upande wa pili. Mimi nimo mara mia moja na kumi na mbili. Pembeni ya kila moja ameandika bahasha yake ilikuwa ngapi. Yeye anafungua! Anasema upande wa bwana harusi haulipi chini ya hapo, kila mtu anajua, kwa hiyo yangu haiwezi kupungua.

Nilikuwa na hamu ya kumkumbatia. Kisha nikaona safu ya mwisho. Ameandika nani alishinda.

"Sitini na nane mimi," akasema, "arobaini na nne wewe."

Nikamwambia huo ni uongo wa mchana.

"Unataka cheti, hutaki?"

Akaandika yote. Kwamba chama kinanifahamu kama msemaji kwa miaka arobaini na moja, kwamba wastani wa kipato ni huu, na kiambatisho cha shughuli mia moja na kumi na mbili pamoja na matokeo yake. Nikamwomba matokeo ayaondoe. Akasema kiambatisho ama kizima ama hakuna, anaogopa kughushi.

Nimetia sahihi. Mimi! Kwamba Ratsimba amenishinda mara sitini na nane. Karatasi hiyo itakwenda mpaka Ufaransa.

Mkewe alinifungia maharage nije nayo.


Jumatatu, 18 Machi

Mwenyekiti wa mtaa amegonga muhuri. Kodi nimelipa, nusu siku foleni. Benki nimefungua akaunti na kutia fedha za ng'ombe mmoja. Miadi ni Alhamisi, saa nne asubuhi, mjini, pale panapopokelewa maombi ya viza.

Nimejaribu sauti bondeni. Bado inavuka.


Alhamisi, 21 Machi

Nimesema leo. Niandike kabla haijapoa.

Ukumbi una mabenchi na mbele kuna kioo chenye tundu. Watu kama thelathini, kila mmoja na jalada lake kifuani kama mtoto mgonjwa. Hakuna anayeongea. Nilivaa koti, na juu yake shuka langu jeupe la begani, na kofia. Nilijiambia, Razafimahefa, umesimama mbele ya watu elfu mbili. Haikusaidia. Mbele ya watu elfu mbili naweza kumuona kila mmoja.

Nyuma ya kioo alikuwa binti wa kwetu, sura ya nyanda za juu kabisa, nywele amezifunga nyuma. Mialy, kifuani pameandikwa hivyo. Alipitia karatasi zangu moja moja. Barua tisa. Cheti cha Ratsimba alikisoma muda mrefu, nikadhani amefika kwenye sitini na nane. Kisha akasema kwa lugha yetu, kwa adabu, "Mzee, karatasi hizi ni za watu wengine kuhusu wewe. Naomba unieleze kazi yako na kipato chako kwa maneno yako mwenyewe."

Kwa maneno yangu mwenyewe! Anamwambia nani!

Kiti kilikuwepo, nikasimama. Kofia nikaivua. Nyuma yangu watu wamekaa, kimya, wananitazama mgongo. Miguu ikajipanga yenyewe. Woga ukaisha, kama siku zote unavyoisha.

Nikaanza kama inavyopasa, kwa kuondoa lawama. Nikasema si mimi niliyestahili kusimama mahali hapa. Wapo wakubwa kwa umri, wapo wakubwa kwa hekima, na mimi ni mdogo kati ya wadogo. Nikasema msemaji si mimi, wasemaji wamelala makaburini, mimi nimeazima tu miguu yao. Mikono yangu ni mitupu, nikasema, na mfuko wangu mtupu, na neno langu halina uzito wa pumba. Nililipanga hilo kwa ngazi, moja chini ya nyingine, mpaka chini kabisa, nyororo. Mama mmoja kwenye benchi akaitikia "Ndivyo!" kama harusini. Wengine wakaitikia pia. Pale ndani!

Binti alikuwa anachapa kwa vidole vyote. Nikajua maneno yangu anayapenda. Akauliza, "Kwa hiyo, Mzee, wanachokupa si malipo ya kazi?"

Nikamjibu kama ambavyo mtu yeyote aliyelelewa angejibu. Anachopewa mtu kama mimi si malipo, ni huruma ya wenye shughuli.

Akachapa hilo pia. Mashine ikatoa karatasi, kwa Kifaransa, akasema nisome nitie sahihi. Kusoma Kifaransa sijui, na mbele ya watu wale singesema. Nikatia sahihi ile yangu kubwa, yenye mkia.

Hakuna aliyewahi kusema hivyo katika nyumba ile, naapa. Yule mama alinishika mkono nikitoka.

Lakini binti hakuwa ameniinulia macho alipopokea karatasi. Hilo limenifuata njia nzima. Mbona hakunijibu?


Ijumaa, 22 Machi

Fanja alisoma nakala. Alisoma kimoyomoyo, kisha akaweka mkono mdomoni.

"Babu, umewaambia nini?"

Nikasema nimewaambia inavyopasa.

Akanitafsiria. Mwombaji anatamka kwamba si msemaji. Anatamka hana fedha. Anatamka anachopokea si malipo ya kazi, anaishi kwa huruma ya wengine. Kazi, hakuna. Kipato, hakuna. Na chini sahihi yangu, ule mkia.

Nilikaa juu ya debe la karatasi zake. Nikasema lakini ndivyo tunavyoanza. Kila mtu anajua ndivyo tunavyoanza. Hata yeye binti anajua, ni wa kwetu.

"Labda anajua," Fanja akasema. "Lakini kazi yake ni kuandika ulichosema. Na pale hakuna upande wa pili, Babu."

Hapo ndipo nilipoelewa.

Mimi nikijishusha, Ratsimba ananiinua. Ndiyo kazi yake. Nikisema mimi ni pumba, anasimama anasema, la, wewe ni ghala lililojaa, sisi ndio pumba. Kisha namwinua yeye. Hivyo tunapanda wote wawili mpaka posa inapita. Ndiyo maana binti hakunijibu. Kwenye kioo nilijishusha mpaka chini kabisa, na hakukuwa na mtu wa kuniinua. Wameniacha huko huko chini na wamepiga muhuri.

Fanja ameandika imeili kwa jina langu, kuomba nirudi kusahihisha.

Hasina sijamwambia.


Jumatatu, 25 Machi

Wamejibu. Alhamisi naruhusiwa kurudi, saa tatu, nisahihishe tamko kwa mdomo wangu mwenyewe kabla jalada halijafungwa. Mara moja tu.

Nikampelekea Ratsimba habari. Nilidhani atacheka mpaka aanguke. Hakucheka. Akaweka kiti uani, akakaa, akawa ndiye binti wa kioo.

"Mzee, kazi yako?"

Nikasimama. Nikafungua mdomo. "Si mimi niliyestahili..."

"Kaa chini," akasema. "Ukikaa labda itatoka."

Nikakaa.

"Kazi yako?"

"Mbele ya wakubwa..."

"Hakuna wakubwa! Kuna mimi. Unanitukana sokoni kila wiki, leo umepata adabu wapi? Sema, mimi ni msemaji mkuu wa bonde hili, napata kiasi hiki."

Sikuweza. Sokoni naweza kusema mimi ni mkuu kuliko wote, na nasema. Humu kwenye daftari naweza. Lakini mtu akiniuliza rasmi, watu wakinitazama, ulimi unageuka wenyewe kama ng'ombe anayejua njia ya zizini. Miaka arobaini na tisa nimeufundisha. Ukianza kwa kujisifu mbele ya watu, posa inavunjika, kaburi halifunguliwi. Nimeona vijana wakizomewa kwa hilo. Mimi ndiye niliyeongoza kuzomea.

Tulijaribu mara kumi na tano. Mara ya kumi na tano nilisema "Mimi ni msemaji," nikaomba radhi hapo hapo.

Mke wa Ratsimba alikuwa mlangoni. Akasema, "Afadhali mngempeleka bubu."


Jumatano, 27 Machi

Hasina amepiga saa saba mchana. Bodo ana homa. Chakula kilipita njia mbaya, kimeingia mapafuni. Wamemlaza hospitali tangu jana. Anasema Baba usiogope. Sauti yake ilikuwa inaogopa.

Nikauliza, anasema nini?

Hasemi. Tangu jana hata mchele hasemi.


Alhamisi, 28 Machi

Nipo ukumbini, kwenye benchi, naandikia gotini. Ratsimba tulikuja naye kwa basi la alfajiri. Amevaa viatu vyake vya harusini. Alikuwa na mpango. Mimi nijishushe kama ulimi unavyotaka, yeye asimame aniinue, binti aandike vyote viwili. Mpango mzuri. Nisingeufikiria mimi.

Mlinzi wa getini amemkatalia. Mwombaji peke yake.

Ratsimba alimwambia yeye ni upande wa pili. Mlinzi akauliza upande wa pili wa nini. Ratsimba akavua kofia, akaanza kabary nzima pale getini, kuondoa lawama na kila kitu. Mlinzi alimsikiliza mpaka mwisho, kijana ana adabu. Kisha akasema, "Babu, nimefurahi sana. Kaa pale kivulini."

Hasina hajapiga leo. Simu wameichukua mlangoni. Kama akipiga sitajua mpaka nitoke.

Nimeandika kwenye kiganja. Mimi ni msemaji. Ni kazi yangu. Nalipwa. Maneno saba. Nayasoma naona kama matusi. Jasho limeanza kuyafuta, lile la nalipwa limeshapauka.

Wapo watu ishirini na watatu nyuma yangu leo. Yule mama wa siku ile yupo, amekuja kuchukua jibu lake, amenipungia mkono. Ananingojea niseme vizuri tena.

Binti ni yule yule. Mialy. Wameita namba kumi na moja. Mimi ni kumi na mbili.

Kama ulimi utanigeuka, niandike hapa ambavyo vingepaswa kusemwa. Mimi Razafimahefa wa Antsahalava ni msemaji. Hakuna aliyenizidi kwenye bonde lile. Nimeozesha watu mia tatu na kuzika zaidi. Fedha nilizopata zimesomesha mtoto mpaka Ufaransa, na mke wangu hakuwahi kuazima chumvi. Haya yote ni kweli, na wa kuyathibitisha wapo. Fanja wa fotokopi, sokoni Antsahalava. Mjane wa Oktoba, barua yake imo jaladani, ya nne kutoka juu. Bodo, lakini Bodo wasimsumbue sasa. Na Ratsimba, mwenyekiti wa chama, aliyenishinda mara sitini na nane. Huyo hawana haja ya kumtafuta mbali. Yuko nje ya geti, kivulini, kofia mkononi, na ana madaftari yote.

Kumi na mbili. Kiti kipo. Nimeshasimama.